Kabla ya Kushikana Uchawi, Hesabuni Njia

Ninatengeneza mbao za ludo. Nakata plaiwudi, nabandika karatasi yenye nyumba nne za rangi, nafunika kwa kioo cha milimita tatu, kisha nazungushia fremu ya mninga uliobaki kwenye kazi za milango. Karakana iko Ngamiani, hapa Tanga. Nje kuna benchi nililoweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri vioo vyao, lakini wachezaji wamelitwaa na sasa ni lao. Wananiita Mama Fremu. Ubao mpya hauuziki mpaka ujaribiwe, na kuujaribu maana yake ni watu wanne, dadu moja, kahawa na kashata, na kabla kahawa haijapoa, shutuma.

Shutuma yenyewe ni ileile siku zote: kuna mtu hajatoka. Kwa msomaji asiyecheza, kete zako nne huanza zikiwa zimefungiwa nyumbani, na hakuna kete inayoruhusiwa kutoka mpaka dadu ikupe sita. Wenzako wameshazunguka nusu ya ubao, wanakulana huko, wewe bado unatikisa na kupata tatu, moja, tano, moja. Raundi ya tano watu wanacheka. Raundi ya nane wanakuuliza umeamkia ubavu gani. Raundi ya kumi anatajwa mtu: ama ubao una gundu, ama aliyekuuzia dadu kaitia mkono, ama huyo aliyekaa kushoto kwako si mtu mzuri.

"Mama Fremu, huu ubao umeufunga?" aliniuliza kijana mmoja wa bodaboda, na hakuwa anatania sana.

"Ubao hautoi sita, mwanangu. Inayotoa ni dadu."

Jibu hilo halikumtosha, na ana haki. Swali lake lina jibu la namba, tena namba inayoshangaza, lakini ukilisema moja kwa moja watu hukuona unawaletea habari za darasani. Mimi nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati) kidato cha tano na sita kabla ya kurithi misumeno ya baba, na mada ya uwezekano tulipitishwa mbio mbio kama watu wanaovuka barabara. Nimeielewa vizuri zaidi hapa kwenye benchi. Ninavyoiona, mada nzima imekaa kwenye kazi moja tu, nayo ni kuhesabu bila kujidanganya. Watu hukosea uwezekano kwa sababu wanahesabu majina ya matokeo, na kinachotakiwa kuhesabiwa ni njia za kuyafikia.

Tuanze na sarafu. Ukirusha moja, ina pande mbili, na hakuna sababu ya upande mmoja kupendelewa, basi kila upande una nusu. Hapo hakuna anayebisha. Sisi Tanzania tuna kichwa cha kiongozi upande mmoja, na mnyama upande wa pili kwenye sarafu tunazozishika kila siku. Jirani zetu Kenya vichwa wameviondoa kabisa: katiba yao ya 2010 inakataza picha ya mtu yeyote kwenye fedha, na sarafu zilizotoka mwaka 2018 zina nembo ya taifa upande mmoja na mnyama upande mwingine, twiga kwenye shilingi moja, faru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Mkenya anachagua nembo au mnyama. Nusu yake ni sawa na nusu yetu. Nusu hiyo imewahi kubeba mambo mazito: mwaka 1968 huko Naples, Italia na Umoja wa Kisovieti zilitoka sare ya bila kwa bila katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya, wakacheza na dakika za nyongeza, bado bila kwa bila. Penalti za kuamua mshindi zilikuwa hazijaanza kutumika katika kombe hilo. Nahodha wa Italia, Giacinto Facchetti, akachagua upande, sarafu ikarushwa, na Italia ikaenda fainali ikatwaa kombe.

Sasa rusha sarafu mbili kwa pamoja. Matokeo ni mangapi?

Benchi langu husema matatu: vichwa viwili, wanyama wawili, au mchanganyiko. Kwa hiyo mchanganyiko una theluthi moja. Ukikaa ukirusha, utaona mambo hayaendi hivyo. Mchanganyiko unakuja mara nyingi mno, kiasi cha mtu kuanza kudhani sarafu zinapatana kumkomoa.

Dawa yake ni kutumia sarafu zisizofanana. Chukua ya shilingi 100, yenye Nyerere na swala, na ya shilingi 200, yenye Karume na simba. Zirushe. Unaweza kupata Nyerere na Karume. Unaweza kupata Nyerere na simba. Unaweza kupata swala na Karume. Unaweza kupata swala na simba. Basi, zimekwisha, nazo ni nne. Mchanganyiko wa kichwa na mnyama umeingia mara mbili, kwa hiyo una mbili juu ya nne, yaani nusu. Sasa ondoa ile ya 200, weka ya 100 nyingine inayofanana kabisa na mwenzake. Kwa macho yako zimebaki hali tatu. Kwa sarafu hakuna kilichobadilika. Mapacha wakivalishwa sare bado ni watoto wawili, na kila mmoja ataugua homa yake.

Kanuni yenyewe ni fupi kiasi kwamba inaonekana haina maana: orodhesha njia zote zenye uzito sawa, hesabu zile zinazokufaa, gawa. Ugumu wote umejificha kwenye hayo maneno mawili, uzito sawa.

Kama ulisema matatu, uko na watu wakubwa. Mwaka 1754 Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliyehariri ile Encyclopédie pamoja na Denis Diderot, aliandika humo kuhusu mchezo wa sarafu. (Jina lake nalo lina kisa. Aliachwa akiwa mchanga kwenye ngazi za kanisa la Saint-Jean-le-Rond mjini Paris, akapewa jina la mahali alipookotwa.) Swali lilikuwa hivi: una nafasi ya kurusha mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni upi? D'Alembert akasema: kichwa kikija mara ya kwanza nimeshashinda, sina haja ya kurusha tena. Kisipokuja narusha ya pili, na hapo ama nashinda ama nashindwa. Hali ni tatu, mbili zinanifaa, jibu ni mbili juu ya tatu.

Jibu sahihi ni tatu juu ya nne. Hali zake tatu zipo kweli, hakuzitunga, ila hazina uzito sawa. Ile ya kushinda mara ya kwanza peke yake inachukua nusu ya michezo yote. Zile mbili nyingine zinagawana nusu iliyobaki, robo kwa robo. Kujumlisha nusu na robo hakuhitaji chuo kikuu. Lakini d'Alembert alizipa zote tatu theluthi sawa kwa sababu kila moja ilikuwa na jina lake, na hakukubali kirahisi alipoambiwa. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote katika mada hii, maana hakuna mtu wa benchini kwangu anayeweza kujiona duni tena baada ya kukisikia.

Dadu inafuata mkondo huohuo, tofauti ni kwamba njia zinaongezeka haraka. Dadu moja, njia sita. Dadu mbili, kila njia ya dadu ya kwanza inakutana na njia sita za dadu ya pili, unapata 36. Mimi huwapa watu dadu nyekundu na nyeupe ili wasianze tena habari za mapacha. Jumla ya mbili ina njia moja tu, moja na moja. Jumla ya tatu ina mbili: nyekundu moja na nyeupe mbili, au kinyume chake. Zinapanda hivyo mpaka saba, yenye njia sita, kisha zinashuka mpaka kumi na mbili, yenye njia moja. Anayesubiri saba ana njia sita. Anayesubiri kumi na mbili ana moja, na hakuna dua itakayowasawazisha.

Wapo wanaocheza ludo kwa dadu mbili, na kwao ndiko ninakokuta kosa linalopendeza zaidi. Huwa linasemwa kwa kujiamini: dadu moja inanipa sita mara moja kati ya sita, basi dadu mbili zinanipa mara mbili kati ya sita, yaani 12 kati ya 36.

"Zihesabu," huwa nasema.

Nyekundu ikiwa sita, nyeupe inaweza kuwa chochote: njia sita. Nyeupe ikiwa sita, nyekundu inaweza kuwa chochote: njia sita. Sita na sita jumla kumi na mbili. Lakini ile njia ya sita mbili kwa pamoja imo kwenye orodha zote mbili, imehesabiwa mara mbili. Zimebaki 11. Tofauti ni ndogo, na mtu anaweza kusema ninachambua mchele uliokwisha kuiva. Basi fuata hesabu yake mpaka mwisho: kama kila dadu inaongeza moja juu ya sita, dadu sita zingekupa sita juu ya sita, uhakika kamili. Shika dadu sita urushe. Karibu theluthi moja ya mirusho yako haitakuwa na sita hata moja.

Kuhusu dadu tatu kuna kesi ya zamani sana, na aliyeitatua ni Galileo Galilei, yuleyule wa darubini na miezi ya Jupiter. Wacheza kamari wa Italia walikuwa wameona jambo lisiloelezeka. Ukirusha dadu tatu, jumla ya tisa inapatikana kwa aina sita: 6-2-1, 5-3-1, 5-2-2, 4-4-1, 4-3-2, 3-3-3. Jumla ya kumi nayo inapatikana kwa aina sita: 6-3-1, 6-2-2, 5-4-1, 5-3-2, 4-4-2, 4-3-3. Sita kwa sita, sare. Mbona basi watu wenye uzoefu wa miaka walikuwa wanaapa kwamba kumi inakuja mara nyingi kuliko tisa?

Mwanzoni mwa karne ya 17 Galileo aliandika maelezo mafupi ya kesi hiyo kwa amri ya bwana wake. Msomaji aliyefika hapa anaweza kuitatua mwenyewe. Namba tatu tofauti, kama 6-2-1, zinaweza kupangwa kwenye dadu tatu kwa njia sita. Zikiwa mbili zinafanana, kama 5-2-2, njia ni tatu. Zikifanana zote, kama 3-3-3, njia ni moja tu. Pitia orodha ya tisa: sita, sita, tatu, tatu, sita, moja, jumla 25. Pitia ya kumi: sita, tatu, sita, sita, tatu, tatu, jumla 27. Njia zote za dadu tatu ni 216. Kwa hiyo 27 dhidi ya 25, kwa sababu ya ile 3-3-3 yenye jina kubwa na njia moja.

Kinachonishangaza si Galileo. Kinachonishangaza ni wale wacheza kamari. Tofauti ya mbili katika 216 haifiki hata asilimia moja, nao waliiona kwa macho, bila karatasi, kwa kukaa mezani usiku baada ya usiku fedha zao zikiwa hatarini. Ninaamini kabisa hawakuwa na maisha mazuri.

Kuorodhesha kunachosha njia zinapofika mamia, na hapo ndipo inapohitajika hila moja ambayo ningependa kila mtoto aondoke nayo shuleni hata akisahau mengine yote: kama unachokitaka ni kigumu kuhesabu, hesabu usichokitaka, kisha utoe. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal akiwa Paris na Pierre de Fermat akiwa Toulouse, waliandikiana barua kuhusu michezo ya bahati, na barua hizo ndizo wengi wanazozitaja kuwa mwanzo wa hisabati ya uwezekano. Maswali yalikuwa yametoka kwa Antoine Gombaud, mtu wa meza za kamari aliyejulikana kama Chevalier de Méré. Moja lilikuwa hili: nikirusha dadu moja mara nne, ni busara kutarajia sita angalau moja?

Hesabu usichokitaka. Kukosa sita kwenye mrusho mmoja kuna njia tano kati ya sita. Kukosa mara nne mfululizo: tano mara tano mara tano mara tano, 625. Njia zote ni 1,296. Zilizobaki, 671, zina sita ndani yake. Hiyo ni asilimia 51.8, zaidi kidogo ya nusu, na kwa muda mrefu inamlipa anayeshika upande huo.

De Méré akaendelea: kama mirusho minne inatosha kwa dadu yenye njia sita, basi kwa dadu mbili zenye njia 36, ambazo ni sita mara sita, mirusho 24 itatosha kupata sita-sita, kwa kuwa 24 ni nne mara sita. Ni uwiano wa mtu mwenye akili, nao ni batili. Kukosa sita-sita kuna njia 35 kati ya 36. Zidisha sehemu hiyo kwa yenyewe mara 24, unabaki na asilimia 50.9 za kukosa. Za kupata ni 49.1. Pascal alimwandikia Fermat kwamba jambo hilo lilimkera sana huyo bwana, akaona hesabu inajipinga yenyewe. Mrusho mmoja wa ziada, wa 25, ungempitisha kwenye nusu.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa bodaboda na raundi zake kumi bila kutoka.

Kukosa sita mara kumi mfululizo: tano ukizidisha kwa yenyewe mara kumi ni 9,765,625, sita ukizidisha hivyohivyo ni 60,466,176. Gawa. Ni asilimia 16 na kidogo, karibu mtu mmoja kati ya sita. Kijana akasema, unaona, ni bahati mbaya ya ajabu, imenichagua mimi. Lakini mezani mko wanne, na kila mmoja ana hiyo asilimia 16 yake. Tumia ile hila ya kutoa. Uwezekano wa mmoja kutokwama ni asilimia 83.85. Wote wanne wasikwame: 0.8385 mara yenyewe, mara nne, unapata 0.494. Kwa hiyo katika michezo zaidi ya nusu, asilimia 50.6, kuna angalau mtu mmoja atakayekaa raundi kumi bila kutoka, ubao ukiwa safi, dadu ikiwa safi, na jirani wa kushoto akiwa mtu mwema anayeswali swala zote tano. Ukipita vijiwe vya mji huu jioni, kama kuna mbao nane zinachezwa, tarajia mbao nne hivi zenye mtu anayejihisi amerogwa. Ludo imetengenezwa hivyo. Ningekuwa na shaka zaidi na ubao ambao haukwamishi mtu.

Huwa kuna mmoja anayechomekea hapo: "Lakini ameshakosa kumi, ya kumi na moja lazima ije." Hili nalo ni la kuhesabu njia. Andika mirusho kumi na moja kama orodha. Orodha ya kukosa kumi kisha tano, na orodha ya kukosa kumi kisha sita, zina uzito sawasawa. Mrusho wa kumi na moja una sita moja kati ya sita, kama wa kwanza. Dadu ni plastiki. Haina mahali pa kuandika madeni. Mnamo Agosti 18, 1913, kwenye gurudumu la kamari la Monte Carlo, rangi nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, na watu walipoteza mali kwa kuendelea kuweka fedha kwenye nyekundu wakiamini kwamba sasa ni zamu yake.

"Mbona basi mwisho wa yote zinakuwa nusu kwa nusu?" Swali hili aliniuliza mzee mmoja muuza kahawa, na naliona bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Kama sarafu hailipi deni, usawa unatoka wapi?

Mtu aliyelijibu kwa mikono yake ni John Kerrich, aliyekuwa mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Aprili 1940 alikuwa Copenhagen kuwatembelea wakwe zake, Wajerumani wakaivamia Denmark, naye kama raia wa upande wa adui akawekwa kizuizini huko Jutland. Akiwa na muda mwingi na kazi chache, alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Kitabu chake kilitoka 1946. Katika mirusho 100 ya kwanza alipata vichwa 44. Vimepungua sita kufikia nusu. Mwisho wa 10,000 alikuwa na vichwa 5,067. Vimezidi 67.

Tazama hizo namba mbili. Umbali kutoka kwenye nusu kamili haukupungua, uliongezeka, kutoka sita hadi 67. Lakini ukigawa kwa mirusho, asilimia 44 ilikuwa imesogea mpaka 50.67. Sarafu haikurudi nyuma kusahihisha chochote. Mirusho ilikuwa mingi mno, na ile tofauti ikamezwa. Mzee alinyamaza, akamwagia mteja kahawa, akasema, "Kwa hiyo hailipi, ila inazidiwa." Sijaona kitabu kilichosema vizuri zaidi. Na usawa kamili wenyewe ni mgeni kuliko tunavyodhani: ukirusha sarafu mara kumi, njia zote ni 1,024, na zenye vichwa vitano kamili ni 252. Hazifiki robo.

Yote haya yanadhani dadu na sarafu ni nyoofu. Kama fundi siwezi kuliruka hilo. Nimewahi kuchonga dadu za mpingo kwa wateja wanaotaka kitu cha kujivunia, na mti haukubali kuwa nyoofu kirahisi. Upande mmoja una kiini, mwingine una jicho la tawi. Hata mbao ikiwa safi, vitone vyenyewe vinaharibu. Pande zinazotazamana kwenye dadu hujumlisha saba, kwa hiyo sita imekaa mkabala na moja. Ukichimba matundu sita huku na tundu moja kule, upande wa sita umekuwa mwepesi, na mwepesi hupenda kukaa juu. Dadu za kasino zinajazwa rangi yenye uzito uleule wa plastiki iliyochimbwa, ili uso ubaki sawa. Mwingereza Raphael Weldon, mtaalamu wa wanyama, aliwahi kurusha dadu kumi na mbili mara 26,306, na mwaka 1894 akamwandikia Francis Galton matokeo yake. Tano na sita kwa pamoja zilitakiwa ziwe asilimia 33.33. Zilikuwa 33.77. Karl Pearson alizitumia namba hizo mwaka 1900 kuonyesha jinsi ya kupima kama dadu inapendelea. Tofauti ya namna hiyo haionekani benchini hata tukicheza mpaka wajukuu waoe, kwa hiyo anayesema "hii dadu naijua" haijui.

Sarafu nayo ina ukaidi wake. Mwaka 2007 Persi Diaconis na wenzake walionyesha kwa hesabu za mwendo kwamba sarafu inayorushwa kwa kidole na kudakwa hupendelea kidogo kuangukia upande uleule uliokuwa juu kabla ya kurushwa. Mwaka 2023 kundi la watafiti lililoongozwa na František Bartoš lilitoa matokeo ya mirusho 350,757: asilimia 50.8 ziliangukia upande ulioanza juu. Kichwa hakipendelewi, wala mnyama. Kinachopendelewa ni ulikoanzia. Ukiwa nahodha wa timu ya mtaa, omba mwamuzi afunike sarafu kabla hujachagua.

Yule kijana wa bodaboda ludo ilimwisha hamu mapema, maana simu yake ina kitu kingine: mkeka. Kwa wasiobeti, mkeka ni kuchagua mechi kadhaa kwenye tiketi moja. Zote zikija kama ulivyosema unalipwa fedha nyingi, moja ikikataa mkeka umechanika. Alinionyesha wa mechi kumi, timu kubwa tupu, na akaniapia kila moja ina uhakika wa asilimia 70. Nilimkubalia hiyo 70 bila kubisha. Kwa hesabu ileile ya kuzidisha, 0.7 mara yenyewe, mara kumi, ni 0.028. Mikeka 35 ya aina hiyo, mmoja ndio unaopona.

"Lakini malipo ni makubwa," akasema.

Makubwa kiasi gani, hilo nalo lina hesabu, na linaonekana vizuri zaidi kwa sarafu kuliko kwa mpira. Tuseme kampuni inakubali ubeti kwenye kichwa au mnyama, na odi yake, ile namba ya kuzidishia dau, ni 1.90 kila upande. Kwa haki ingekuwa 2.00. Weka 1,000 kwenye mrusho mmoja: nusu ya wakati unarudishiwa 1,900, kwa wastani 950. Kampuni imekata shilingi 50, si neno. Sasa suka mkeka wa mirusho kumi. Odi zinazidishana, 1.90 mara kumi zinakuwa 613, kwa hiyo 1,000 yako inaahidiwa laki sita na elfu kumi na tatu. Inang'aa. Njia za mirusho kumi ni 1,024, yako ni moja, na malipo ya haki yangekuwa milioni moja na elfu ishirini na nne. Laki nne na ushee hazimo.

Kwa wastani, mkeka wa mirusho mitatu unakurudishia 857 katika kila 1,000. Wa kumi unakurudishia 599. Kila mstari unaoongeza, ile asilimia tano inakatwa upya kwenye kilichobaki. Kijana akauliza, je, akipata kampuni yenye 1.95? Nikampa kalamu ya seremala na kipande cha plaiwudi azidishe mwenyewe. Alifika 776, akaongeza mstari wa kumi na moja, akaongeza wa kumi na mbili, akaendelea kushuka hivyo mpaka plaiwudi ikajaa.